Chumvi ya L'Escala

L'Escala haina kituo cha treni. Unashukia Figueres, mji wa ndani wa Hispania usio mbali na mpaka wa Ufaransa, kisha unapanda basi linalokatiza tambarare ya Empordà, mashamba ya matufaha huku na huku, mpaka Ghuba ya Roses inapojitokeza upande wa kushoto. Nilifika mwezi Mei. Usiku wa kuamkia siku ile tramuntana ilikuwa imevuma, upepo mkavu wa kaskazini unaoteremka kutoka milima ya Pyrenees, na asubuhi anga lilikuwa limesafika hata theluji ya mlimani ikaonekana ng'ambo ya maji.

Mimi nimekulia kaskazini ya Unguja, upande wa Mkokotoni, ambako dagaa mchele huvuliwa kwa taa usiku wa giza, wakachemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa. Wanunuzi wakubwa siku hizi ni Wakongo. Mvuvi akichelewa kuuza, dagaa huoza. Mama mwenye jiko akichelewa kuanika, mvua humharibia. Kwa hiyo bei hupangwa na yule mwenye nafasi ya kusubiri, na mara nyingi huyo si mvuvi wala si mama. Nimeliona jambo hili tangu utotoni na linaniuma. Ndiyo maana niliposikia kwamba Katalunya kuna mji uliosimama kwa sababu ya dagaa wa ukoo uleule, nilitaka kwenda kuona wenzetu wanafanyaje. Kule wanamwita anxova, yaani anchova. Ni mkubwa kuliko wetu, urefu wa kidole cha shahada na zaidi, mgongo wa buluu iliyokolea, tumbo la fedha, mdomo mpana uliokatiza mpaka nyuma ya jicho.

Mwenyeji wangu alikuwa dada mmoja wa Tanga anayeishi Girona kwa kazi. Anakisema Kikatalani vizuri kuliko ninavyokisema Kiingereza. Mkoa wa Girona una Waafrika wengi, hasa Wagambia na Wasenegali ambao wameanza kufika tangu miaka ya 1970 na 1980 kufanya kazi za mashamba na viwanda, kwa hiyo hakuna aliyetushangaa. Alinipokea kituo cha basi, akaniambia, "Kaka, twende kwanza Port d'en Perris, ndiko mji ulikoanzia."

Port d'en Perris ni kihori kidogo katikati ya mji mkongwe. Nyumba zimekisogelea mpaka ukingoni, nyeupe, na juu ya ukingo zimesimama nguzo za mawe ambazo zamani vyombo vilifungwa kamba. Kukiwa na bahari chafu hapana pa kujificha. Wavuvi waliokuja kuishi hapa katika karne ya 16 walitoka Sant Martí d'Empúries, kijiji chenye ngome kilicho kaskazini kidogo. Walitaka kukaa karibu na vyombo na nyavu zao. Mji ukakua, na mwaka 1766 makao ya utawala yakahamishwa kutoka kijijini kuja huku pwani. Kijiji kilichozaa mji kikageuka kuwa kitongoji chake.

Hatua chache kutoka kihorini lipo jengo refu la mawe liitwalo Alfolí de la Sal, ghala la chumvi la mfalme. Kwa muda mrefu chumvi ilikuwa biashara ya ukiritimba wa serikali ya Hispania. Hukuweza kuinunua popote utakapo. Ililetwa kwa merikebu kutoka Ibiza na Torrevieja, ikashushwa, ikapimwa, ikatozwa kodi, ikafungiwa. Wavuvi wa sehemu hii ya pwani walikuja kuichukua hapa. Nilisimama mbele ya mlango wake mkubwa nikijaribu kuelewa uzito wa jambo hilo: samaki ni wa Mungu, bahari ni ya kila mtu, lakini kitu kimoja kinachomwezesha mvuvi asiuze leo kwa bei ya leo kilikuwa chini ya kufuli la mfalme. Ukiritimba ule ulifutwa mwaka 1869. Siku hizi jengo hutumika kwa maonyesho na shughuli za utamaduni, na kila Septemba watu wa mji hufanya Sikukuu ya Chumvi, wakavaa mavazi ya zamani na kuleta ufukweni vyombo vya tanga la pembetatu, kuonyesha jinsi mizigo ya chumvi ilivyokuwa ikishushwa.

Lipo jumba la makumbusho la anchova na chumvi, katika jengo ambalo zamani lilikuwa machinjio, jirani na makaburi ya kale yenye kuta nyeupe. Ni dogo. Nililipenda kuliko majumba makubwa ya Barcelona, kwa sababu kila kitu mle kilishikwa na mkono wa mtu. Zipo nyavu za sardinal, jarife la macho madogo lililotandazwa jioni na kuachwa lielee, dagaa wakanasa kwa matamvua. Yapo mapipa, mizani, vibao vyenye majina ya viwanda vya familia. Zipo taa pia. Uvuvi wa taa wanauita encesa, na ni wa kale: kabla ya karabai na kabla ya umeme, waliwasha kuni za msonobari zenye utomvu ndani ya kikapu cha chuma kilichoning'inia nje ya mtumbwi. Samaki wakafuata mwanga, wakazungushiwa wavu. Nilipoona kikapu kile nilimwambia dada yangu wa Tanga kwamba babu zetu na babu zao wangeelewana bila mkalimani.

Lakini kukamata si habari kubwa ya L'Escala. Habari kubwa ni kinachofuata ufukweni, na hicho ni kazi ya wanawake.

Tuliingia katika duka la kiwanda kimoja kidogo cha familia. Mama aliyekuwa pale, mwenye umri wa bibi yangu, alianza kutia chumvi akiwa msichana. Dada alimwamkia kwa adabu zote, akamweleza natoka wapi na kwetu tunafanya nini. Mama akafuta mikono, akatuita nyuma.

Juu ya meza palikuwa na kasha la anchova wabichi wa usiku ule, wamenyunyiziwa chumvi kidogo ili wakaze. Alichukua mmoja mkono wa kushoto. Kwa kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia alibana nyuma ya kichwa, akavunja kuelekea chini na kuvuta. Kichwa kikatoka na utumbo wote ukafuata, safi, bila kisu. Ilichukua muda wa kupepesa macho. Akanipa mimi. Wangu alikatika tumbo. "Hukubana, ulivuta," alisema, na dada akanitafsiria. "Bana kwanza, mwanangu, kisha vuta." Wa tatu alitoka vizuri.

Kisha wanapangwa kwenye pipa. Tabaka la chumvi nene ya bahari, tabaka la samaki, mikia ikielekea ndani na migongo ikielekea nje, wamebanana kwa mduara. Tabaka la chumvi tena. Na kuendelea hivyo mpaka juu. Juu kabisa kinawekwa kifuniko cha mbao, na juu ya kifuniko jiwe. Uzito unakamua maji kutoka kwa samaki, maji yanayeyusha chumvi, na baada ya siku kadhaa maji mazito ya chumvi yanapanda na kuwafunika. Hapo tena hakuna haraka. Pipa linakaa kwenye kivuli miezi sita, mengine zaidi. Nyama inageuka kutoka nyeupe kuwa nyekundu ya kahawia, harufu inabadilika kutoka ya samaki kuwa ya kitu kingine, karibu na ya nyama iliyokaushwa. Mama alifungua pipa moja la mwaka uliopita akaniinamisha puani. Ana njia ya kujua kama limeiva: huchomoa samaki mmoja, hupitisha ukucha mgongoni, na mnofu ukiachana na mwiba bila kubembelezwa, basi.

Niliuliza kuhusu mikono. Alinionyesha yake. Chumvi huingia kwenye kila mkwaruzo, alisema, na wakati wa msimu ngozi hupasuka. Zamani wanawake walifanya kazi bila glavu kwa sababu glavu humnyima mtu hisia ya samaki. Mama yake mzazi aliitwa kiwandani usiku wa manane vyombo vilipoingia, kwa kuwa anchova hangoji asubuhi. Watoto walilala, mama akaenda. Alilisema bila kulalamika, lakini dada alipokuwa akitafsiri sauti yake ilishuka, na mimi nikawafikiria mama zetu wanaokaa mbele ya majiko ya kuchemshia dagaa, macho mekundu kwa moshi.

Tofauti ipo mahali pamoja. Mama wa Mkokotoni anakausha ili samaki asioze njiani. Mama wa L'Escala anatia chumvi na kukaa. Ile miezi sita ndiyo mtaji wake. Pipa lake likiwa kwenye kivuli, hana mnunuzi wa kumwambia auze sasa hivi. Kiwanda cha Callol Serrats, kilichoanzishwa hapa mwaka 1847, kimeishi zaidi ya tawala za wafalme, jamhuri mbili na udikteta, na biashara yake ni hiyohiyo: samaki aliyepewa muda.

Kutoka mjini mpaka magofu ya Empúries ni mwendo wa miguu kwa njia ya kandokando ya bahari, chini ya misonobari. Misonobari na nyasi za mchanga zilipandwa kwa makusudi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, kwa sababu tramuntana ilikuwa ikisukuma vilima vya mchanga juu ya mashamba na nyumba. Ufukweni, kabla hujafika kwenye lango la magofu, utaona ukuta wa mawe makubwa umesimama peke yake mchangani. Ni gati la Wagiriki. Limesimama pale tangu kabla ya kuzaliwa kwa Nabii Isa, na watoto huliegemea wakijifuta maji.

Wagiriki wa Phocaea, waliokuwa wamekwisha kujenga Massalia, ambayo leo ni Marseille, walifika hapa mnamo mwaka 575 kabla ya Kristo. Walianza kwenye kisiwa kidogo, kile ambacho sasa ni Sant Martí d'Empúries. Mchanga wa mito umekwisha kukiunga na bara. Kizazi hivi baadaye walivuka wakajenga mji wa pili ng'ambo ya kisiwa. Waliuita Emporion, yaani soko la bandarini. Hawakuja kulima wala kutawala. Walikuja kununua na kuuza na wenyeji wa hapa, Waindigeti. Mwanahistoria wa Kirumi, Livy, ameeleza maisha yao: upande wa bahari mji mdogo wa Wagiriki, upande wa bara mji mkubwa zaidi wa wenyeji, ukuta katikati, lango moja tu la kuelekea bara, na kila usiku theluthi moja ya raia wakilinda zamu juu ya ukuta. Mchana wakifanya biashara, usiku wakilindana. Maelezo hayo ni mazuri kuliko magofu yenyewe kwa kumwonyesha mtu jinsi soko la pwani linavyoishi: kila upande unauhitaji mwingine na kila upande una wasiwasi.

Sisi pia tumeitwa emporion. Kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kijulikanacho kama Periplus, kinaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani ya Azania, pwani yetu, na kinatumia neno lilelile. Rhapta haijapatikana mpaka leo. Huku wamepata lao, na wamelichimba tangu mwaka 1908, mwanasiasa na msanifu majengo Josep Puig i Cadafalch alipousukuma mradi huo kutoka Barcelona.

Nilitembea ndani ya Neapolis, ule mji wa pili wa Wagiriki, asubuhi kabla ya mabasi ya wanafunzi kuwasili. Mitaa myembamba, misingi ya nyumba inayofika magotini, mabirika ya kuhifadhia maji ya mvua, soko, mahekalu. Katika eneo la mahekalu, mwaka 1909, wachimbaji walitoa sanamu ya marumaru ya Ugiriki yenye kimo cha zaidi ya mita mbili, mzee mwenye ndevu na macho ya huruma, ambaye amejulikana kwa jina la Asclepius, mungu wa tiba wa Wagiriki. Alikaa Barcelona karibu karne nzima. Mwaka 2008 wakamrudisha, na sasa yuko katika jumba la makumbusho la hapohapo, mita chache kutoka alikofukuliwa. Niliona ni haki. Vitu vingapi vya pwani yetu bado viko makabatini mwa watu wengine?

Lakini nilikuwa natafuta kitu kingine, na mlinzi alinielekeza: mabaki ya kiwanda cha kutia samaki chumvi. Ni mahodhi yaliyojengwa ardhini, yaliyosakafiwa kwa chokaa. Ukisimama hapo, bahari iko mbele yako na mji wa L'Escala uko mkono wa kulia. Watu wa mwambao ule walitia samaki chumvi hapa, na wajukuu wa wajukuu wa nani sijui wanatia samaki chumvi pale, bahari ni ileile na dagaa ni wale wale. Warumi walikuwa na mchuzi waliouita garum, uliotokana na samaki wadogo na utumbo wao vilivyoachwa juani na chumvi mpaka vikayeyuka. Ulisafirishwa kwa mitungi pande zote za Mediterania na ulikuwa na bei kubwa.

Habari za Warumi zinajulikana, nitazipitia upesi. Mwaka 218 kabla ya Kristo Gnaeus Scipio alishusha jeshi lake hapa kupigana na Wakarthago; mwaka 195 akafuata Cato; na kambi ya askari ikazaa mji wa tatu, juu mlimani, wenye uwanja wa baraza, nyumba za matajiri na sakafu za vijiwe vya rangi. Sehemu kubwa ya mji huo bado iko chini ya ardhi. Bandari ikajaa mchanga, biashara ikahamia Tarragona na Barcelona, na kufikia mwisho wa karne ya tatu Neapolis ilikuwa imehamwa. Ila lipo jambo ambalo vibao vya watalii hulipitia juujuu: baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, mwanzoni mwa miaka ya 1940, wafungwa wa upande wa Jamhuri walioshindwa walilazimishwa kuchimba magofu haya. Mawe unayoyapiga picha, baadhi yake yalifukuliwa na watu waliokuwa chini ya mtutu wa bunduki. Miaka hamsini baadaye, mwezi Juni 1992, mwenge wa Olimpiki ya Barcelona uliteremshwa ufukoni hapahapa ukitoka Ugiriki. Mimi ningeweka kumbukumbu za mambo yote mawili kando kwa kando.

Jioni nilirudi kwenye makaburi ya kale, maana humo amezikwa mwanamke ambaye mji unamjivunia kuliko mtu mwingine. Caterina Albert alizaliwa L'Escala mwaka 1869 na akafia L'Escala mwaka 1966. Mwaka 1898 aliandika igizo la mtu mmoja kuhusu msichana aliyemwua mwanawe mchanga, akalipeleka kwenye mashindano ya fasihi ya Olot, likapewa tuzo. Ilipojulikana kwamba mwandishi ni mwanamke, tena bado kijana, watu wakaghadhibika: mambo hayo mwanamke anayajuaje? Tangu hapo akaandika kwa jina la kiume, Víctor Català. Riwaya yake *Solitud*, ya mwaka 1905, inamfuata mwanamke aliyeolewa na kupelekwa kukaa kwenye kanisa la upweke mlimani, na ni kati ya nguzo za fasihi ya Kikatalani. Mlima ule wanasema ni Montgrí, unaoonekana nyuma ya mji. Alikuwa akikusanya pia vitu vya kale vya Empúries vilivyokuwa vikiokotwa mashambani. Nimezungukia miji mingi ya pwani, na ni michache sana inayokumbuka kwamba mikono iliyoishikilia ilikuwa ya wanawake. Mji huu unaikumbuka kwenye pipa na kwenye kitabu.

Maisha ya leo ni ya utalii kwanza. Wakazi wa kudumu ni elfu kumi na ushei, lakini Julai na Agosti mji hufurika Wafaransa, Wajerumani na watu wa Barcelona wenye nyumba za likizo. Majumba ya ghorofa yamejaa upande wa Riells, na wakati wa baridi madirisha yake hufungwa. Vijana wanaotaka kupanga nyumba mwaka mzima hupata taabu, kwa sababu mwenye nyumba hupata zaidi kwa wiki za kiangazi. Bandari ya La Clota ina mashua nyingi za starehe na vyombo vichache vya uvuvi. Anchova wenyewe wamepungua. Upande wa pili wa mpaka, katika Ghuba ya Lion, watafiti wameona tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 kwamba sardini na anchova wanakuwa wadogo kuliko zamani, na wanahusisha hali hiyo na mabadiliko ya chakula chao baharini.

Nilimuuliza yule mama waziwazi: samaki wako wanatoka wapi? Hakujificha. Wengine hapa ghubani, wengine bandari nyingine za Mediterania, wengine kaskazini, Ghuba ya Biscay. Kule uvuvi wa anchova ulifungwa mwaka 2005 baada ya samaki kukaribia kwisha, na haukufunguliwa kikamilifu mpaka 2010, waliporudi. "Mtu asipovua kwa muda, wanarudi," alisema. Viwanda vya hapa havikufa katika miaka ile. Vilinunua kwingine, vikaendelea kutia chumvi, kwa sababu kinachouzwa kwa jina la L'Escala ni ufundi. Naona ni sawa, maadamu chupa inasema ukweli kuhusu samaki alikovuliwa. Wasichana wanaotenganisha minofu kwenye meza ndefu siku hizi, baadhi yao mama zao walizaliwa Moroko, na vidole vyao vinabana kabla ya kuvuta.

Kabla sijaondoka mama alitaka kujua habari za dagaa wetu. Wana urefu gani? Wana mafuta? Mnatoa kichwa? Mna chumvi ya bahari, na ya bei gani? Nilimwonyesha picha za dagaa mchele kwenye simu, wamelala juani, akazikuza kwa vidole viwili akatazama kwa muda. Akatikisa kichwa. Wadogo mno kwa mnofu, akasema, mtapoteza siku nzima kwa chupa moja. Kisha akaenda kwenye pipa, akachota kijiko kimoja cha yale maji yanayopanda juu, mekundu ya kahawia, akadondosha matone mawili juu ya kipande cha mkate wenye nyanya na mafuta ya zeituni, akanipa nile. Hao wenu, akamwambia dada anitafsirie, msiwatoe chochote. Watieni chumvi wazima, muwafunike, muwaache miezi, halafu muuze maji.